Je, wajua kwa nini kijana wa Nyahururu hakuangushwa na hari ya Beijing?

Agosti 24, 2008, saa nane na nusu za usiku, tulikuwa watu sita barazani, Malindi, tumezunguka televisheni ndogo na birika la kahawa chungu. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, mmoja wetu kajifunika shuka. Beijing kulikuwa kumekucha, na marathoni ya wanaume ya Olimpiki ilikuwa inaanza. Kabla ya adhana ya alfajiri Samuel Wanjiru, kijana wa miaka 21 kutoka Nyahururu, mji wa nyanda za juu za Kenya, alikuwa ameshaingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Kenya haikuwahi kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kabla ya siku hiyo. Rekodi ya michezo hiyo, iliyokuwa ya Mreno Carlos Lopes tangu 1984, ilipungua kwa karibu dakika tatu. Na jua lilikuwa linawaka: kufikia mwisho wa mbio joto lilikuwa linakaribia digrii 30.

Mzee mmoja akauliza, "Huyu katoka kwenye baridi ya Nyahururu. Vipi hari ile haikumwangusha?"

Nikamjibu upesi, kwa uhakika wa mtu asiyejua: "Mzee wangu, katoka juu ambako hewa haina oksijeni, kashuka chini ambako imejaa tele. Huyo hata umlete hapa Malindi saa saba mchana, atapaa tu."

Jibu hilo lilikuwa na makosa mawili, na nililirudia kwa watu kwa miaka kadhaa.

Kosa la kwanza ni dogo. Hewa ya Nyahururu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,300, ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na hewa ya Malindi. Kinachopungua ni kanieneo, yaani msukumo wa hewa: huko juu ni takriban robo tatu ya ile ya ufukweni. Ukivuta pumzi moja Nyahururu, mchanganyiko ni uleule ila umetawanyika, kama pilau ileile iliyopakuliwa kidogo kwenye sahani kubwa. Mwili uliokulia huko huzoea kubana matumizi, na ukishuka chini hupata nafuu ya kweli. Kwa hiyo nusu ya jibu langu ilisimama.

Nusu ya pili ndiyo iliyoanguka. Nilidhani hewa nzito ya pwani ni zawadi isiyo na bei. Kama ingekuwa hivyo, rekodi za dunia za marathoni zingevunjwa Malindi, Lamu na Mombasa. Zinavunjwa Berlin, London na Chicago: miji iliyo chini kama yetu, lakini yenye ubaridi siku za mbio. Kinachomtesa mkimbiaji wa masafa marefu huku kwetu ni fukuto. Na fukuto, nakiri, nilikuwa silielewi ingawa nimezaliwa ndani yake.

Tuanze na mwili. Katika kila sehemu nne za nguvu anazochoma mkimbiaji, takriban tatu hazimsogezi hata hatua, zinageuka joto. Kwa mtu mwepesi anayekimbia kwa kasi ya Wanjiru, kama joto hilo lisingepata pa kutokea, mwili ungepanda digrii moja kila dakika tatu au nne. Robo saa tu, na mambo yameharibika. Njia kuu ya kulitoa ni jasho.

Hapa ndipo watu wa pwani tunapojidanganya. Nilikuwa nikiamini kwamba anayetiririka jasho zaidi ndiye anayepoa zaidi. Sivyo. Jasho linalodondoka chini limepotea bure. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi.

Aliyenifundisha hili ni mtungi wa shangazi yangu, ingawa nilichelewa kulielewa somo. Mtungi ule ulikaa ukumbini, na maji yake yalikuwa baridi mwaka mzima bila umeme. Nikiwa mtoto niliona umechakaa, nikaupaka rangi ya mafuta, ya kijani, iliyobaki baada ya kupaka mlango. Ulipendeza sana. Maji yakawa vuguvugu, nami nikapata nilichostahili.

Udongo wa mtungi una vitundu vidogo. Maji hujipenyeza kidogokidogo, mtungi ukalowa kwa nje, ndiyo maana tunasema unatoa jasho. Unyevu ule hugeuka mvuke na kuondoka. Lakini chembe ya maji haiondoki bure. Ifikirie kama abiria anayepanda matatu: lazima alipe nauli, na nauli yenyewe ni joto, tena inachukuliwa kutoka kwenye mtungi. Abiria wakiendelea kupanda, mtungi unaendelea kulipa, na maji ya ndani yanazidi kupoa. Rangi yangu ya kijani ilifunga mlango wa kituo.

Ngozi hufanya kazi ileile, na nauli yake si ndogo. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoka na joto linaloweza kuchemsha takriban lita saba za maji ya bomba.

Sasa fikiria matatu inafika imejaa hadi mlangoni. Hivyo ndivyo ilivyo hewa yetu siku ya fukuto: imeshabeba mvuke mwingi wa bahari, na jasho halipati nafasi ya kupanda. Linakusanyika, linateremka usoni, linalowesha fulana, na nauli haijalipwa. Kanga iliyoanikwa husimulia habari hiyohiyo: siku za kaskazi inakauka mara moja, siku za masika inakaa kambani tangu asubuhi hadi jioni na bado ina ubichi. (Wanafizikia hawapendi tuseme hewa "imejaa". Kwa kweli chembe hupanda na kushuka wakati wote. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, zinazorudi kwenye ngozi hukaribia idadi ya zinazoondoka. Matatu yangu basi ina abiria wanaoshuka kila kituo. Tuiache hapo.)

Turudi kwa Wanjiru. Mambo mawili ya kimaumbile yalikuwa upande wake. Alikuwa mdogo wa umbo, na mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka. Kitumbua hupoa kabla ya mkate wa sinia, hata vikiepuliwa pamoja. Halafu kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa alikuwa akijitengenezea upepo wake mwenyewe, wa kuufagia mvuke uliotuama karibu na ngozi. Ila wenzake aliowaacha nyuma nao walikuwa wembamba na wenye kasi, kwa hiyo hayo hayatoshi.

La tatu ni Japani, na hapa naongea kwa tahadhari. Wanjiru alizaliwa 1986, na akiwa na miaka 15 alikwenda kusoma Sendai kwa ufadhili wa masomo. Baadaye alikuwa mkimbiaji wa timu ya Toyota Kyushu, kusini mwa nchi hiyo, ambako kiangazi kina fukuto la kumkumbusha Mswahili kwao. Mwili unaofanya mazoezi kwenye joto hubadilika baada ya siku 10 hadi 14: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea hupungua. Hilo limepimwa kwa watu wengi. Kwamba hilo ndilo lililompa Wanjiru dhahabu ni dhana tu, japo naipenda. Mazoea nayo hayafungui matatu iliyojaa. Yanaongeza abiria kituoni, basi.

Lisilo na maelezo mepesi ni ujasiri wake. Kwenye joto, hekima ya kawaida ni kuanza polepole. Yeye na kundi la mbele walipita nusu ya safari chini ya saa 1 na dakika 3, kana kwamba wako mahali pengine. Jaouad Gharib wa Morocco alifika wa pili, sekunde 44 nyuma yake. Wa tatu, Tsegaye Kebede wa Ethiopia, alihitaji saa 2 na dakika 10 kamili.

Baada ya hapo alishinda London mwaka 2009, na Chicago mwaka 2009 na 2010. Mei 2011 alifariki kwao Nyahururu, akiwa na miaka 24. Rekodi yake ya Olimpiki ilikaa miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoipunguza kwa sekunde 6 jijini Paris.

Mzee wa baraza nilimrudia na jibu jipya. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: mbona vijana wa hapa wanakimbia ufukweni alfajiri, wakati huo ndio unyevu wa hewa unatangazwa kuwa juu kuliko saa zote? Ni kweli, asilimia hupanda alfajiri. Lakini asilimia hiyo inapimwa kwa uwezo wa hewa yenyewe, na hewa ikipoa uwezo wake hupungua. Mvuke uliomo ni karibu uleule wa mchana. Nafasi za jasho kupanda hazijapungua sana, na jua la utosi halijatoka kuongeza mzigo. Akatikisa kichwa, akamimina kahawa, akasema yeye alidhani wanakimbia mapema ili wasionekane.