Machweo ya Santorini si mali ya Oia peke yake

Wengi wanaopanga safari ya Santorini, Ugiriki, huambiwa kwamba usipolala kijiji cha Oia hutayaona machweo. Si kweli. Kisiwa hiki ni mabaki ya volkano, na ukingo wake mrefu wa majabali unatazama magharibi. Ukiwa Fira, Firostefani au Imerovigli, juu ya ukingo huo, jua linazama mbele yako vilevile. Kwenye mnara wa taa wa Akrotiri, kusini, linatumbukia baharini bila paa la mtu kukuziba.

Oia ni kuzuri, sikatai. Lakini Julai na Agosti watu hubanana kwenye magofu ya ngome mapema kabla ya jua kushuka, kisha wote hugombea basi la kurudi. Ukitaka kuiona, nenda asubuhi. Ukiwa na miguu, kuna njia ya kilomita 10 hivi kutoka Fira, mwendo wa saa tatu au nne hivi. Beba maji, kivuli hakuna.

Usichanganye tu vijiji hivyo vya ukingoni na Kamari na Perissa. Vyumba huko mara nyingi ni nafuu, ila fukwe hizo za mchanga mweusi ziko mashariki: utaona mawio.