Mshauri Asiyekataliwa: Waingereza Walivyoitawala Misri

Wanafunzi wangu huuliza Misri ilikuwa koloni la Mwingereza tangu mwaka gani. Kwenye karatasi, haikuwa koloni hata siku moja. Jeshi la Uingereza lilimshinda Urabi Pasha, afisa wa jeshi la Misri aliyeongoza uasi, kule Tel el-Kebir, Septemba 1882, London ikaahidi kwamba askari watarudi kwao mambo yakitulia. Wa mwisho waliondoka 1956!

Khedive, yaani mtawala wa Misri, alibaki na kiti chake, mawaziri na wizara zao, na hadi 1914 nchi ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Uthmaniya, dola ya Waturuki. Mwenye kauli alikuwa Evelyn Baring, baadaye Lord Cromer, ambaye cheo chake kilikuwa konseli mkuu tu, yaani mwakilishi wa Uingereza. Nguvu yake ilitokana na waraka wa Januari 1884 wa Granville, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza: maadamu askari wetu wapo, ushauri wetu sharti ufuatwe, waziri asiyeufuata aondoke. Sharif Pasha, waziri mkuu wa Misri, aliposhauriwa na London kuiachia Sudan, iliyokuwa chini ya Misri, aligoma. Akajiuzulu mwezi huohuo.

Washauri wa Kiingereza wakapachikwa wizarani. Yule wa fedha aliketi na baraza la mawaziri, na bila ridhaa yake hela haikutoka. Deni la nchi likawa linalipwa, Bwawa la Aswan likakamilika 1902, pamba ikastawi. Shule ziliambulia makombo, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Ukitaka kuuona mfumo huu waziwazi, tazama kijiji cha Denshawai, Juni 1906. Maafisa wa Kiingereza walikwenda kuwinda njiwa ambao wanakijiji waliwafuga. Ukazuka ugomvi, na afisa mmoja aliyejeruhiwa akakimbia juani hadi akaanguka na kufa. Watu 52 walishtakiwa. Wanne wakanyongwa palepale kijijini, wengine wakachapwa viboko mbele ya jamaa zao. Mwenyekiti wa mahakama hiyo maalumu? Boutros Ghali, waziri Mmisri. Mwendesha mashtaka pia alikuwa Mmisri, al-Hilbawi. Mkono wa Mwingereza ulikuwa ndani ya glavu ya mwenyeji.

Kwetu pwani mtindo huu si mgeni. Gerald Portal, aliyefanya kazi Cairo chini ya Baring, aliletwa Zanzibar kama konseli mkuu. Mwaka 1891 aliichukua hazina mikononi mwa Sultani na kumweka Lloyd Mathews, Mwingereza, kuwa waziri wa kwanza, yaani mkuu wa serikali. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea.