Nyota tatu za Tokyo si nyota tatu za Paris

Tangu nianze kufundisha kazi ya jikoni na ya ukumbini, swali ninaloulizwa mno ni hili: kati ya Paris, Tokyo, New York na Copenhagen, wapi kuna migahawa bora ya kifahari? Mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari, kaliokota kwenye orodha fulani. Mimi humuuliza mambo matatu: nani anapika, wafanyakazi ni wangapi kwa kila kiti cha mgeni, na nani anawalipa? Ukiyajua hayo, tofauti nyingi za majiji haya utazielewa kabla hujaonja chochote.

Kwanza tuviangalie vipimo vyenyewe, maana watu huvichanganya. Michelin ni kampuni ya matairi. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari Ufaransa, nyota za kupima migahawa zikaanza 1926, na ngazi tatu zikaja 1931. Maana yake ilikuwa ya barabarani kabisa: nyota moja, simama ukipita, mbili, acha njia yako uende, tatu, funga safari kwa ajili ya mgahawa huo tu. Wakaguzi hula bila kujitambulisha na bili hulipa wenyewe. Wanapima ubora wa malighafi, umahiri wa kupika, ulinganifu wa ladha, haiba ya mpishi ndani ya chakula chake, na uthabiti, yaani chakula kisiyumbe kati ya leo na mwezi ujao. Vitambaa vya meza na taa za dari havimo.

Ile orodha ya migahawa 50 bora duniani ni kitu kingine kabisa. Ilianzishwa na jarida la Uingereza mwaka 2002, na hupigiwa kura na watu zaidi ya 1,000: wapishi, waandishi na walaji wanaosafiri sana. Tangu 2019 aliyewahi kuwa wa kwanza haruhusiwi kushindana tena. Kwa hiyo mgahawa wa Central wa Lima, Peru, uliposhinda 2023, Disfrutar ya Barcelona 2024, na Maido, ya Lima pia, 2025, ushindi huo ulikuwa kati ya wale ambao bado hawajawahi kushinda. Tena Central iliposhika nafasi ya kwanza haikuwa na nyota hata moja, kwa sababu rahisi tu kwamba Michelin haikuwa na kitabu cha Peru. Mkaguzi hajafika, nyota itatoka wapi?

Sasa turudi kwenye mikono, yaani nani anapika na nani anahudumu.

Paris inaendesha jiko kwa mfumo ambao mpishi Mfaransa Auguste Escoffier aliupanga mwishoni mwa karne ya 19: mmoja wa michuzi, mmoja wa samaki, mmoja wa nyama, mmoja wa vitindamlo, na mpishi mkuu anayeikagua kila sahani kabla haijatoka. Ukumbini nako kuna jeshi lake: anayepokea oda, anayebeba, anayekata nyama mbele ya mgeni, anayehusika na mvinyo peke yake, mwenye kitoroli cha jibini. Hakuna jiji jingine nilikoona ukumbi ukiheshimiwa kama kazi ya maisha kiasi hicho. Kuna wahudumu wenye mvi ambao hawajawahi kutamani kuwa kitu kingine. Malipo ya huduma yamo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo mhudumu hakutazami usoni akitafuta bahashishi. Na mfumo huu una nguvu ya kubeba mabadiliko makubwa. Mpishi Alain Passard wa mgahawa wa Arpège aliondoa nyama nyekundu kwenye menyu mwaka 2001, akaipa mboga nafasi ya mbele, na nyota zake tatu hazikutikisika.

Tokyo ni kinyume. Ndilo jiji lenye migahawa mingi yenye nyota kuliko yote duniani, na sababu mojawapo ni kwamba migahawa hiyo ni midogo sana. Kaunta moja, viti vinane au kumi, mpishi mwenyewe amesimama mbele yako, pembeni wanagenzi wawili watatu ambao wamekaa miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa samaki. Sukiyabashi Jiro, chini ya ardhi kwenye mtaa wa Ginza, ina viti kumi. Ilipata nyota tatu katika kitabu cha kwanza cha Tokyo mwaka 2007. Mwaka 2019 Michelin iliiondoa kitabuni, si kwa kushuka kiwango bali kwa sababu mtu wa kawaida hakuweza tena kuweka nafasi pale. Mlo wa sushi wa aina hiyo unaweza kwisha kabla saa nzima haijapita, na mgeni aliyezoea Paris hutoka akijiona amepunjwa. Hajapunjwa. Wali ulikuwa na joto karibu na la mwili, samaki amelazwa muda wake hasa, na kipande kinatakiwa kuliwa pale pale kinapowekwa. Ukikiacha ukitafuta pembe nzuri ya kupiga picha, umeshakiharibu.

Hapo ndipo utaona kwa nini nyota tatu za miji hii miwili hazipimiki pamoja. Uthabiti wa Tokyo ni mkono uleule kila siku; wa Paris ni mikono mingi iliyofundwa ifanye kazi kama mmoja. Mpishi wa Tokyo akiugua, mlango unafungwa. Wa Paris akiwa safarini, huenda hata usijue.

New York ina mafundi wa mitindo yote miwili, wa Paris na wa Tokyo. Le Bernardin, jiko la samaki la Éric Ripert, imeshikilia nyota tatu tangu kitabu cha kwanza cha jiji hilo mwaka 2005. Lakini kodi ya pango ni kali na sehemu kubwa ya kipato cha wahudumu hutegemea bahashishi, kwa hiyo bei ya kwenye menyu mara nyingi si utakayolipa. Ongeza kodi ya mauzo, kisha takriban sehemu ya tano ya bili. London huyaandika malipo ya huduma kwenye bili yenyewe. Ni hiari, wanasema, ila sijaona wengi wakithubutu kuyakata.

Copenhagen ndiyo iliyonifundisha kuuliza nani anawalipa. Mgahawa wake wa Noma ulifunguliwa 2003, ukawa wa kwanza kwenye ile orodha ya 50 mara tano, na ukafanya vyakula vilivyochachushwa, mwani na majani ya porini yaingie kwenye majiko ya dunia nzima. Sahani zile zilihitaji vidole vingi sana, vya kupanga majani kwa kibano saa nzima, na vingi vilikuwa vya wanagenzi wasiolipwa. Mwishoni mwa 2022 walianza kulipwa. Januari 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, akatangaza kwamba mgahawa hautaendelea kwa mtindo ule, kwa kuwa hesabu zake hazikai. Mgahawa wa El Bulli wa Hispania, uliofungwa 2011, nao ulitegemea wanagenzi kwa mtindo huohuo. Chakula kilikuwa cha ajabu, hilo silikatai. Lakini anapokuambia mtu kwamba Copenhagen wanafanya kwenye sahani moja kazi ambayo Paris hawaithubutu, muulize ilifanywa kwa mshahara wa nani.

Kama unapanga kwenda, Paris nenda mchana: jiko ni lile lile na menyu ya mchana ni nafuu mno kuliko ya usiku. Mvinyo wa kuambatana na kila sahani uuache. Mara nyingi hukaribia bei ya chakula chenyewe, na ukifika glasi ya tano ulimi wako haupimi tena kitu. Tokyo omba hoteli ikuwekee nafasi, usijipulizie manukato, na fika kwa wakati, kwa sababu wali umepikwa kwa saa yako. Copenhagen pata meza kwanza, tiketi ya ndege baadaye.