Mjamzito huyu ana presha, au ana mawazo?

"Yule mama ana presha, ana mawazo mengi." Maneno haya huyakosi kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito, uwe Arua, Bombo au Busia nchini Uganda, na anayeyasema hudhani ametaja ugonjwa mmoja. Ametaja mambo mawili, na kwa mwenye mimba kuyachanganya ni hatari.

Msongo wa mawazo, au stresi, ni jinsi mwili na akili vinavyoitika pale mzigo unapoonekana kuzidi nguvu za kuubeba: homoni za tahadhari hupanda, moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukatika. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, nayo huandikwa kwa tarakimu mbili, kwa mfano 120/80. Maana zenyewe zinaishia hapo.

Mkanganyiko una asili yake. "Msongo" umetoka kwenye kusonga, yaani kubana, ndiyo maana tuna msongamano wa magari. "Presha" tumeipata kwa Waingereza ikiwa na maana hiyohiyo ya kubana, na Waganda wakaigeuza kuwa "puleesa". Maneno yote mawili yanabana, basi masikio yakayafanya ndugu. Tena kuna chembe ya ukweli: hofu kweli huipandisha presha, ila kwa muda mfupi. Mama aliyeteremka kwenye bodaboda akitweta, akapimwa amesimama huku anajibu maswali, anaweza kuandikiwa presha ambayo si yake. Ndiyo maana anayepimwa hupumzika kwanza dakika 5, akiwa ameketi na mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, amekwisha kukojoa, mkono uko usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Mkanda wa mashine ya kupimia uwe juu ya ngozi, usipite juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa tarakimu kubwa kuliko ukweli.

Ikibaki 140/90 au zaidi baada ya masharti hayo, na ikarudi hivyo baada ya angalau saa 4, hiyo ni presha ya juu, hata kama mama mwenyewe anacheka na kupika chapati. Ikianza baada ya wiki ya 20 ya mimba na mkojo ukawa na protini, au figo, ini au ubongo ukaanza kuonyesha shida, ni hali inayotangulia kifafa cha mimba. Chanzo chake kimo kwenye kondo la nyuma: mapema katika ujauzito, mishipa ya mji wa mimba inayolilisha haikupanuka ilivyopaswa. Kugombana na mume hakuleti hali hiyo, wala kupatana naye hakuiondoi. Kichwa kinachouma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: mwenye hayo hupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Presha ikifika 160/110 ni dharura hata bila dalili yoyote. Huko kuna dawa za kushusha presha, sindano ya magnesi salfeti ya kuzuia degedege, na mara nyingi uamuzi wa kumzalisha mapema. Akiambiwa "pumzika, acha kuwaza", amepotezewa saa ambazo huenda hana. Kujifungua nako hakufungi hesabu, maana kifafa hiki huweza kumpata mzazi hata siku kadhaa baadaye.

Kosa la upande wa pili halina kelele, ila lipo. Mama halali, anatetemeka, hali chakula. Anapimwa, mashine inasema 110/70, anaambiwa yuko sawa, aende nyumbani. Mashine haipimi mawazo. Yeye anahitaji kuulizwa.

Na jibu lake hutegemea mawazo ni ya nini. Kuna yale ya pesa na safari, ambayo hayapungui kwa kupumua. Yanapungua kwa kumtafuta mapema mwenye gari au boda anayekubali kutoka usiku, kupatana naye bei, kuhifadhi namba yake na ya mwenzake wa akiba, na kununua vifaa vya kujifungulia kimoja kimoja tangu mwezi wa tano wa mimba: glavu, plastiki ya kutandika, pamba, nyembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Kuna mawazo ya kupigwa nyumbani. Huyo hafundishwi utulivu. Anatafutiwa usalama kwanza, na mkunga aambiwe mume akiwa hayupo chumbani.

Mazoezi ya pumzi yanafaa kwa wasiwasi uliobaki mwilini baada ya hayo. Kaa, au lala kwa ubavu. Mimba ikiwa kubwa usilale chali, maana mji wa mimba hukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni na kichwa huzunguka. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Wengi huharibu kwa kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, vidole vikafa ganzi na kizunguzungu kikaja, kwa sababu kaboni dayoksaidi imepungua mno kwenye damu. Dawa yake ni kuvuta hewa kidogo zaidi, polepole. Vidonge vya usingizi vya kuombaombea dukani, na waragi, pombe kali, ya "kutuliza roho", vikae mbali.

Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki 2, karibu kila siku, hapo huenda tumeshavuka msongo na kuingia kwenye sonona. Uganda haina haja ya kuazima maneno kwa hili: watafiti waliowauliza watu wa Masaka na Rakai waliambiwa juu ya okwekyawa, kujichukia, na okwekubaziga, kujihurumia. Huko huko tiba ya mazungumzo ya kikundi, watu wakikutana kila wiki na kiongozi aliyefunzwa, ilijaribiwa na kuonekana inasaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwenye mawazo ya kujiua au kumdhuru mtoto asingoje tarehe ya kliniki, wala asiachwe peke yake.

Wanaosema "punguza mawazo, presha itashuka" wana nia njema, na hakuna haja ya kuwaaibisha mbele za watu. Wasaidieni tu waiseme hivi: "Mama, twende wakupime presha na mkojo leo. Tukiwa njiani, niambie kinachokukosesha usingizi."