Oksijeni ya tishu wakati wa nusu kaputi na ganzi

Oksijeni ya tishu ni ile iliyokwisha toka kwenye damu ikaingia katika misuli, ini, ngozi, au ukingo wa kidonda. Kile kibanio cha kidoleni wanachotumia Uganda, hospitali ya Mulago na vituo vya afya vya daraja la nne, hakiipimi. Chenyewe huonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini, protini ya damu inayosafirisha oksijeni, iliyoibeba, basi. Mgonjwa aliyevuja damu sana anaweza kusoma 98 na tishu zake zikawa na njaa, maana kinachozifikia hutegemea wingi wa himoglobini, kujaa kwake, na nguvu ya moyo kuisukuma. Mama aliyeishiwa damu kwa malaria huingia chumba cha upasuaji akiwa na upungufu huo tayari.

Nusu kaputi hupunguza ujazo wa mapafu, na sehemu zake za chini husinyaa, ndiyo maana mgonjwa huongezewa oksijeni. Kabale, mji wa Uganda ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ya hewani ina mgandamizo pungufu kwa takribani moja ya tano kuliko pwani, hivyo akiba ni ndogo zaidi. Gesi ya halotheni ya kumlaza mgonjwa nayo hudhoofisha moyo na kushusha presha. Lakini mwili uliolala hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo hasara si kubwa kama inavyodhaniwa. Shida huja mgonjwa anapozinduka akitetemeka kwa baridi: misuli hudai oksijeni nyingi ghafla. Blanketi hapo ni tiba.

Ketamini, dawa nyingine ya kumlaza mgonjwa, humwacha mgonjwa apumue mwenyewe na kwa kawaida haishushi presha. Ila huharakisha mapigo, na moyo wenyewe hula oksijeni zaidi; kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mimi ningeiogopa.

Sindano ya ganzi ya mgongo hulegeza mishipa ya miguu. Miguu hupata joto na damu tele, huku presha ya mwili ikishuka, pengine ndani ya dakika chache tu. Kwa mjamzito anayeumia ni mtoto, kwani damu ya kondo la nyuma hufuata presha ya mama. Ndiyo sababu mama huinamishwa kidogo upande wa kushoto, akapewa dripu na dawa ya kupandisha presha. Wanaoisifu sindano hii kuwa haina hatari husahau hilo.

Ganzi ya kudungwa mahali pamoja haigusi mapafu wala moyo ikiwa kipimo ni sahihi. Ikichanganywa na adrenalini, mishipa ya hapo hubanwa makusudi ili damu isitoke sana na ganzi idumu. Tishu hupungukiwa kwa muda, jambo dogo kwenye ngozi ya kichwa, si dogo kwenye kidole cha mguu cha mgonjwa wa kisukari.