Pembe Mraba Haifuti Pande Mbili Sawa

Pembetatu ni umbo bapa lililofungwa kwa mistari mitatu iliyonyooka, na pembe zake za ndani zikijumlishwa hupatikana nyuzi 180. Kwa pande, iko yenye pande zote sawa, yenye pande mbili sawa na yenye pande zisizolingana. Kwa pembe, iko yenye pembe kali tatu, kila moja chini ya nyuzi 90, yenye pembe mraba moja ya nyuzi 90, na yenye pembe butu moja inayozidi hapo. Haya yanafahamika, na nisingeyaandika lau nisingeona wiki iliyopita, hapa Tororo, Uganda, daftari la binti wa jirani likiwa limekatwa kwa wino mwekundu mahali ambapo mtoto hakukosea.

Swali lilitaka aina ya pembetatu iliyochorwa, bila kusema kama ni kwa pande au kwa pembe. Mchoro ulikuwa na pembe mraba, na pande mbili zinazokutana hapo zilitiwa vijistari vya kuonyesha kwamba zinalingana. Mtoto aliandika kuwa ina pande mbili sawa. Msahihishaji akalikata jibu na kuandika kando kuwa ina pembe mraba, kana kwamba jina moja likiingia, jingine sharti litoke. Kosa hili nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa mafundi wa kenchi, tena si mara moja.

Neno mraba lenyewe huwapotosha wengi. Limetoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya nne, lililotupatia pia robo na arobaini. Kwetu ni jina la umbo lenye pande nne zinazolingana na kona nne zilizo sawa, na kona yake ndiyo iliyoazimwa ili kuitaja pembe ya nyuzi 90. Pembe mraba, basi, ni pembe iliyo kama kona ya mraba. Kuhusu urefu wa pande haisemi lolote. Neno pembe nalo limebebeshwa kazi nyingi: Mganda ana ejjembe kwa pembe ya ng'ombe na ensonda kwa kona ya nyumba, ilhali sisi tunatumia neno moja kwa yote mawili, kisha tunalitwika na kipimo cha nyuzi. Si ajabu mtu akichanganyikiwa kati ya pembe na upande.

Euclid, aliyeandika kwa Kigiriki huko Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alilitenganisha jambo hili kwa uangalifu: katika fasili ya 20 ya kitabu chake cha kwanza alizipanga pembetatu kwa pande, na katika fasili ya 21 akaanza upya na maumbo yale yale, akayapanga kwa pembe. Ni maswali mawili, na kila pembetatu huyajibu yote, kama mtu anayeulizwa atokako na kazi aifanyayo. Jina la Kigiriki la pembetatu yenye pande mbili sawa lina maana ya miguu sawa, nami nalipenda kwa sababu humfanya mtu afikirie bikari. Fungua bikari kidogo, uunganishe ncha zake kwa mstari: pembe zote ni kali. Ipanue hadi nyuzi 90, pembe mraba imepatikana. Izidishe, pembe imekuwa butu, na muda wote huo miguu haijabadilika urefu. Ukipita kwenye nyuzi 60 kamili, upande wa tatu nao hulingana na miguu. Euclid aliitenga pembetatu hiyo na zile za pande mbili sawa, lakini wanahisabati wengi wa leo husema angalau pande mbili, kwa hiyo huihesabu miongoni mwake.

Lisilowezekana ni pande zote tatu kulingana pamoja na pembe mraba, kwa kuwa hapo kila pembe ni nyuzi 60.

Mwalimu mwenzangu uliyelisahihisha daftari lile, chukua karatasi ya mraba yenye upande wa sentimita 10, uikate kutoka kona hadi kona. Kipande utakachobaki nacho kina pande mbili za sentimita 10, upande wa tatu wa takriban sentimita 14.1, na pembe mraba. Ulichoandika kando ni sahihi, na alichoandika mtoto ni sahihi pia. Nakuomba umrudishie alama yake.