Je, wajua kwa nini namba ya nje inakubipu mara moja halafu inakata?

Mama mdogo wangu ana mtoto Muscat. Siku moja saa nane usiku simu ikaita mara moja ikakata, kuangalia namba inaanza na +960, akili yake moja kwa moja ikaenda Oman, mtoto kapata shida. Akapiga. Simu ikaita, ikaita, baadae ikaanza kupiga muziki, na yeye kashika tu anasubiri apokelewe mpaka salio lote likaisha. Shilingi elfu tatu na kitu. Oman ni +968. Hiyo +960 ni Maldives, na hatuna ndugu hata mmoja Maldives.

Huu utapeli una jina, unaitwa wangiri. Neno la Kijapani, "wan" ndo moja na "giri" inatokana na kukata, yaani iite mara moja ikate. Kule Japani ulishika kasi miaka ya mwanzoni ya 2000 na sasa hivi umezunguka dunia nzima.

Sasa hela wanapataje wakati wao ndo wamepiga? Wanakata kabla hujapokea kwa sababu simu ambayo haijapokelewa hailipiwi, kwa hiyo mashine inabipu maelfu ya namba karibu bure kabisa. Ukipiga wewe, mtandao wako unatakiwa uulipe mtandao wa kule kwa kuipokea simu yako, na kuna nchi gharama hiyo iko juu sana. Hapo mwenye ile namba anakuwa na makubaliano ya kugawiwa sehemu ya malipo kwa kila dakika inayoingia. Ndo maana unawekewa muziki, au sauti ya simu inayoendelea kuita kumbe ilishapokelewa kitambo, ili uzidi kukaa hewani. Na dakika za bando la kawaida mara nyingi haziendi nje ya nchi, kwa hiyo kinacholiwa ni salio lenyewe.

Mimi naamini sisi huku wanatupata kirahisi kwa sababu ya kubipu. Tumekua na hiyo lugha, mtu akikubipu maana yake hana salio, mpigie, na usipompigia unaonekana una roho mbaya. Mzazi mwenye mtoto ugenini ndo kabisa, hawezi kulala na missed call.

Kwa hiyo kwanza soma namba, usiangalie kwa haraka. +255 ni sisi Tanzania, +254 Kenya, +256 Uganda, +257 Burundi, lakini +252 ni Somalia na +269 ni Komoro, ukiwa na usingizi unaona zote za jirani. Huijui, acha. Mwenye shida ya kweli atarudia au ataandika meseji, na kama roho haitulii mcheki ndugu yako kwa namba yake uliyoisave, usiipigie ile iliyokubipu.

Kuna ile meseji inayozunguka WhatsApp kwamba ukipiga namba hizo wanakopi majina yako yote ya simu ndani ya sekunde 3. Sio kweli. Kupiga tu hakumpi mtu kitabu chako cha namba, wanachotaka ni dakika zako.

Namba za humu ndani ni habari nyingine. Hapo unakutana na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na yule anayejiita huduma kwa wateja anataka umtajie namba ya siri au akusomeshe *150 sijui nini ubonyeze. Kata simu halafu piga mwenyewe 100 uulize. Truecaller inasaidia kujua nani anapiga ila kumbuka jina unaloliona pale limetokana na watu walivyomsave, kwa hiyo tapeli mwenye laini mpya anaweza asionekane kabisa au akaonekana ana jina zuri tu. Wengi tunatumia njia ya kujifanya unatuma hela, jina la usajili linatokea, unakatisha kabla ya kuthibitisha. Ni nzuri lakini matapeli wanatumia pia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine wasiojua lolote, kwa hiyo na wewe piga *106# uangalie namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tapeli wa meseji mripoti kwa kuituma ile meseji yake kwenda 15040, ukijibiwa unatuma namba yake, bure. Wanaokusumbua kwa kupiga wablock. WhatsApp tangu 2023 ina sehemu ya kunyamazisha wasiojulikana wanaokupigia humo WhatsApp, ingia settings, faragha, simu. Simu inaingia kimya ila inabaki kwenye orodha, utaiona asubuhi. Ya mama mdogo nimeshaiweka hivyo, na namba ya mtoto wake nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi, ipo ukutani pembeni ya kitanda, inaanza na +968.